Namna ya Kuhudhuria Mhadhara wa Usanifu Majengo na Maonyesho ya Sanaa kwa Siku Moja

Kila linapotoka tangazo la mhadhara wa usanifu majengo, na jingine la maonyesho ya sanaa katika mji huo huo, maswali huwa ni yale yale: nivae nini, je ni lazima niwe nimesomea fani hiyo, nisimame wapi, nikiuliza jambo ambalo kila mtu analijua itakuwaje, na picha nikiitazama nisiambulie kitu nifanye nini. Nimeyajibu maswali hayo kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi kiasi kwamba sasa nimeona niyaandike mahali pamoja. Mwongozo huu unamhusu mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza au ya pili, ambaye anataka kuyaunganisha mambo hayo mawili ili safari ya mjini iwe moja.

Jambo moja naliweka wazi kabla ya mengine: tazama kwanza, sikiliza baadaye. Anayetoka kwenye maonyesho na kuingia ukumbini huingia akiwa na macho yaliyokwisha kuamka, na msemaji akitaja mwanga, ukuta au nafasi, maneno hayo humkuta tayari ana kitu cha kuyalinganisha nacho. Anayeanza na mhadhara huiendea picha akiwa amebeba maneno ya mtu mwingine, na mara nyingi huishia kukitafuta kile alichoambiwa badala ya kukiona kilichopo. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuufuata msimamo huo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Uthibitisho wa kujiandikisha au tiketi, ukiwa umehifadhiwa ndani ya simu kama picha, kwa sababu intaneti ya mlangoni huzidiwa pale watu wengi wanapoitumia kwa wakati mmoja.
- Daftari dogo la kuenea kiganjani na penseli mbili. Usibebe kalamu ya wino: vyumba vingi vya maonyesho huikataza, kwa kuwa alama ya penseli yaweza kufutika ilhali doa la wino haliondoki kwa urahisi kwenye karatasi wala kwenye turubai. Kalamu yangu iliwahi kuzuiliwa mlangoni, nami nikazunguka saa nzima nikijaribu kuyakariri majina ya wachoraji. Nilipotoka nilikuwa na majina mawili kichwani, na moja lilikuwa la makosa.
- Viatu vya soli laini, na kama vina kamba, ziwe zimefungwa sawasawa. Hili si la mzaha. Januari 2006, katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge, Uingereza, mgeni mmoja alianguka kwenye ngazi na kuviangukia vyombo vitatu vikubwa vya kauri vya Kichina vilivyokuwa vimewekwa dirishani. Vyote vikavunjika vipande vipande, naye akaeleza kwamba alikuwa amekanyaga kamba ya kiatu chake.
- Mkoba mdogo wa begani. Begi kubwa la mgongoni utalazimika kuliacha mapokezi.
- Nguo ya kujifunika. Vyumba vya kutunzia kazi za sanaa huendeshwa kwa joto na unyevu visivyobadilika ili mbao na turubai zisitanuke na kusinyaa, na mwili uliokaa tuli ndani yake huanza kuhisi baridi baada ya saa moja.
- Swali moja, liwe limeandikwa. Namna ya kulipata imeelezwa katika hatua ya 3.

Kuhusu mavazi, nguo safi za kila siku zinatosha kabisa, isipokuwa kama mwaliko wenyewe umesema vingine.

Hatua 1: Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho

Wengi husoma jina la msemaji na saa, basi. Endelea kusoma. Angalia kama kuingia ni bure lakini kwa kujiandikisha, kwa kuwa neno «bure» halimaanishi kwamba kiti kinakungoja. Angalia pia saa ya mwisho ya kuingia, ambayo si sawa na saa ya kufunga: jumba linalofungwa saa kumi na mbili jioni laweza kuacha kupokea wageni nusu saa au saa nzima kabla. Kisha angalia siku ya mapumziko. Majumba mengi ya sanaa hufunga siku moja ya kati ya juma, na siku hiyo haifanani kila mahali: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, Uffizi ya Florence hufungwa Jumatatu.

Tambua vilevile aina ya shughuli yenyewe. Mhadhara ni mtu mmoja anayezungumza kwa dakika 45 hadi saa moja, kisha maswali. Mjadala wa jopo ni watu watatu au wanne na mwongozaji, na ndani yake utasikia mabishano mengi na kuona michoro michache. Pecha Kucha, utaratibu ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham, humpa kila msemaji slaidi 20, kila moja kwa sekunde 20, yaani dakika 6 na sekunde 40 tu. Ukichelewa dakika kumi utakuwa umemkosa msemaji mmoja na nusu ya wa pili.

*Tahadhari:* matangazo huandikwa kwa saa za kimataifa. Likisema 18:00, ni saa kumi na mbili jioni. Aliyenakili «6» katika kalenda yake na baadaye kuisoma kwa Kiswahili hufika saa sita mchana, akakuta ukumbi unadekiwa.

Hatua 2: Panga siku kwa kurudi nyuma

Anza na saa ya mhadhara, kisha urudi nyuma. Toa nusu saa ya kufika mapema, toa muda wa kutoka jengo moja hadi jingine, toa saa moja ya kuketi mahali bila kutazama chochote, na hapo ndipo uweke saa moja na nusu ya maonyesho. Saa ile ya kupumzika ndiyo ambayo wageni wapya huifuta kwanza ratiba inapobana, nami naisisitiza kuliko nyingine zote. Baada ya dakika tisini za kusimama na kutazama, macho huendelea kufanya kazi lakini akili huwa imekwisha kufunga mlango, na mtu anayeingia ukumbini katika hali hiyo husinzia slaidi ya nne.

Hatua 3: Jisomee nusu saa, isizidi

Tafuta jina la msemaji na jengo moja tu alilolisanifu. Jiulize jengo hilo lilikuwa linatatua tatizo gani. Tuseme anayezungumza ni mtu wa kiwango cha Francis Kéré, msanifu aliyezaliwa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Badala ya kusoma orodha ya tuzo zake, soma kuhusu shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Utakuta kuta za matofali ya udongo, dari ya matofali yenye matundu, na juu yake paa la bati lililoinuliwa kwa vyuma na kuachiwa nafasi, ili hewa ya moto ya darasani ipande na kutoka kupitia dari, na bati linalochomwa na jua lisikae juu ya vichwa vya watoto. Hapo umeelewa jengo bila nadharia yoyote, na swali linajizalia lenyewe: mvua ya upepo inapopiga kwa upande, ile nafasi kati ya dari na paa hulindwa vipi? Liandike. Ndilo utakaloingia nalo.

Kwa upande wa maonyesho, soma tu kichwa chake na aya ya kwanza ya maelezo. Usiziangalie picha za kazi zenyewe kwenye simu. Skrini huzifanya zote kuwa za ukubwa mmoja, na mshangao wa kwanza, ambao haurudi tena, unakuwa umeutumia ukiwa umelala kitandani.

Hatua 4: Mlangoni, uliza mambo matatu

Muulize mhudumu kama picha zinaruhusiwa, kama flashi inaruhusiwa, na kama ipo kazi yoyote inayoruhusiwa kuguswa au kuingiwa ndani. Uliza hata kama ulishawahi kufika, kwa sababu kanuni hubadilika: Reina Sofía, jumba la sanaa la Madrid, ilikataza kwa miaka mingi kupigwa picha kwa *Guernica* ya Picasso, ikaja kuondoa katazo hilo mwaka 2023. Kazi zilizoazimwa kutoka kwa watu binafsi huwa na masharti yake, hivyo chumba kimoja chaweza kuruhusu picha na cha jirani yake kikakataza.

Zima sauti ya simu hapo hapo, usingoje ukumbi wa jioni.

Hatua 5: Zunguka mara moja bila kusoma chochote

Pita vyumba vyote kwa mwendo wa kawaida, dakika kumi na tano hivi, bila kusogelea vibao vya maelezo. Mahali ambapo miguu imesita yenyewe, weka alama kwenye daftari: chumba cha pili, ukuta wa kushoto, ile ya kijani. Usijiulize kwa nini umesita.

Hatua 6: Rudi kwa kazi tatu tu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa kuwa wanaona ni haki yao, au hata ni deni lao, kuitazama kila kazi iliyotundikwa. Maonyesho yenye kazi 80, ukiipa kila moja dakika mbili, yanataka saa mbili na dakika arubaini, na kazi ya themanini itapata macho yaliyochoka kuliko yote. Chagua tatu kutoka katika alama zako, uzipe dakika kumi kila moja.

Dakika kumi mbele ya picha moja ni ndefu kwa asiyezoea, kwa hiyo zigawe. Anza mbali, hatua saba au nane nyuma, ambako unaiona picha pamoja na ukuta wake. Taja kimoyomoyo vitu vilivyopo, kwa majina ya kawaida: mlango, mtu ameketi, weusi upande wa kulia. Kisha sogea hadi kiasi cha mita moja. Kwa umbali huo vitu huanza kuvunjika kuwa rangi, na ule mlango unakuwa michirizi mitatu ya buluu na mmoja wa manjano. Mwishowe nenda pembeni, usimame karibu na ukuta na kuitazama picha kwa upande, ili mwanga wa taa uipige kwa mlazo.

Hatua hiyo ya kwenda pembeni huachwa na wengi, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Niliwahi kuitazama kwa muda picha ndogo ya chumba kitupu, yenye moshi mwepesi karibu na dirisha, nikavutiwa na ule moshi na jinsi ulivyopakwa. Nilipokwenda pembeni nikaona kwamba haukupakwa kabisa: mchoraji alikuwa ameikwangua rangi ya ukuta kwa kitu chenye ncha bapa mpaka nyuzi za turubai zikatokeza, na nyuzi hizo zenyewe ndizo zilizokuwa moshi. Kibao cha maelezo hakikusema neno juu ya hilo.

Kwa sanamu, izunguke pande zote na uinamie pia sehemu za chini. Mgongo wa sanamu mara nyingi huonyesha kilichomshinda mchongaji.

*Tahadhari:* usielekeze kidole wala penseli kwenye kazi ukiwa karibu nayo, kwa kuwa mkono ulionyooshwa ni mrefu kuliko unavyodhani. Usirudi kinyumenyume ili upate picha nzuri ya simu. Mwaka 2017, katika jumba la makumbusho la Hirshhorn mjini Washington, mgeni aliyekuwa akijipiga picha ndani ya chumba cha vioo cha msanii wa Kijapani Yayoi Kusama alipoteza mizani, na mojawapo ya maboga yenye taa yaliyokuwamo likaharibika.

Hatua 7: Sasa soma kibao, na ukisome kama fundi

Kibao cha kawaida hutaja jina la msanii, mwaka wake wa kuzaliwa, jina la kazi, mwaka wa kazi, vifaa na vipimo. Wengi huishia kwenye jina la kazi. Mimi huanzia kwenye vifaa, kwa kuwa hapo ndipo mazingira ya msanii yanapojitokeza. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, ulifanywa kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za viwandani; anayesoma hayo huelewa mara moja ule mng'ao, zile kingo kali za wanyama, na kwa nini rangi hazichanganyikani kwa upole kama zile za mafuta.

Vipimo huandikwa kwa kutanguliza kimo, kisha upana. *Mona Lisa* ni sentimita 77 kwa 53, na *Guernica* ni takriban 349 kwa 777. Kwenye simu zote mbili zinaenea kiganjani. Kwenye picha zilizochapwa kwa mkono utakuta namba kama 7/30, maana yake nakala ya saba kati ya thelathini. Kidoti chekundu pembeni ya kibao kwenye nyumba ya kuuzia sanaa kinamaanisha kwamba kazi imekwisha kupata mnunuzi. «Bila jina» ni jina halali, wala si kibao kilichosahauliwa.

Chumba kikiwa na giza giza, usilalamike kwamba taa zimeungua. Kazi za karatasi, kama michoro ya penseli, rangi za maji na picha za zamani, hufifia kwa mwanga, na kiwango ambacho wahifadhi wengi hukifuata kwazo ni kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu sana ukilinganishwa na wa ofisini. Simama humo dakika mbili tatu, macho yatazoea.

Hatua 8: Kabla ya kutoka, litazame jengo lenyewe

Hili ndilo daraja la kukuvusha kutoka kwenye maonyesho hadi kwenye mhadhara, na halikuchukui zaidi ya dakika kumi. Angalia mwanga unaingilia wapi, sakafu ni ya nini, na ni nini kilichokuongoza kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kuuliza njia. Majengo haya yana historia zake: Tate Modern ya London, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, na Zeitz MOCAA ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilichongwa ndani ya maghala ya nafaka yenye mitungi 42 ya zege. Katika Guggenheim ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1959, msanifu wake, Frank Lloyd Wright, alitaka mgeni apande juu kwa lifti kisha ateremke taratibu kwenye njia ya mzunguko, picha zikiwa kwenye kuta zilizolala kidogo nyuma. Kundi la wasanii lilikuwa limekwisha kulalamika hata kabla ya jengo kwisha kwamba kuta hizo na sakafu ile ya mteremko hazizifai picha. Ukiwa na mfano mmoja wa aina hiyo, uliouona kwa macho yako siku hiyo hiyo, unaingia ukumbini ukiwa na cha kusema.

Hatua 9: Ukumbini, kaa mbele kidogo na karibu na njia

Fika nusu saa kabla. Safu ya tatu au ya nne, upande wa njia, inakufaa: michoro ina mistari myembamba isiyoonekana kutoka nyuma, na kipaza sauti cha maswali hufika haraka zaidi kwa aliye karibu na njia. Safu ya kwanza ina kasoro yake, kwani utaitazama skrini kwa shingo iliyopinda.

Hatua 10: Zisome slaidi badala ya kuzipiga picha

Msanifu hukuonyesha vitu vya aina nne, na anayevitofautisha amekwisha kuelewa nusu ya mhadhara.

Ramani ya sakafu ni jengo lililokatwa kwa mlalo, mita moja na kidogo juu ya sakafu, kisha likatazamwa kutoka juu. Mistari minene ni kuta zilizokatwa, mistari myembamba ni vitu vilivyo chini ya mkato, na robo duara kwenye uwazi wa ukuta ni mlango, ikionyesha unafungukia upande gani. Mkato ni jengo lililopasuliwa wima kutoka paa hadi msingi, kama tunda lililogawanywa kwa kisu, na ndio mchoro wa kuutazama kwa makini kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha hewa inapita wapi, mwanga unashuka hadi wapi na mtu ana nafasi kiasi gani juu ya kichwa chake. Mchoro wa uso ni ukuta wa nje ukitazamwa kwa kuelekeana nao. Cha nne ni picha, na juu ya picha nina neno hapo mbele kidogo.

Kwenye karatasi, skeli ya 1:100 ina maana kwamba sentimita moja ni mita moja ya kweli, hivyo mlango wa sentimita 90 una upana wa milimita 9. Kwenye skrini hesabu hiyo haipo tena, kwa sababu projekta imeukuza mchoro bila kujali. Tumia mlango kama rula. Utafute kwenye ramani, ukadirie kwa macho milango mingapi ingeenea kwenye urefu wa chumba. Ikiwa sita, chumba kina mita tano na nusu hivi. Msemaji akisema kwamba ukumbi wake ni «wa karibu na wa kifamilia», nawe ukahesabu milango thelathini, basi unajua la kumuuliza. Kisha tafuta mshale wa kaskazini. Asipouonyesha, madai yote ya jua na kivuli hayana mahali pa kushikia.

Kuhusu picha: jiulize kama imepigwa au imetengenezwa kwa kompyuta. Iliyotengenezwa huwa na anga iliyopendeza kupita kiasi, watu wasiobeba mizigo, na kuta zisizo na doa hata moja la maji. Niliwahi kuinua mkono nikamuuliza msanifu paa lake lilikuwa limestahimili vipi misimu ya mvua, naye akanijibu kwa upole kwamba jengo lile bado halijawekewa hata jiwe la msingi.

*Tahadhari:* usiinue simu kupiga kila slaidi. Walio nyuma wataiona skrini yako badala ya ile ya ukumbini, nawe utarudi na picha hamsini usizozifungua. Chora mwenyewe mkato mmoja kwa penseli, hata kama mkono wako hauna ufundi. Mistari sita inatosha.

Hatua 11: Uliza kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza itaje kitu kilichoonekana, ya pili iulize. Mfano: «Katika mkato wa maktaba, ngazi imepita mbele ya dirisha kubwa. Je, ngazi hiyo ilikuwapo tangu mchoro wa kwanza, au ililetwa na jambo jingine baadaye?» Swali la namna hiyo humrudisha msemaji mezani pake, naye husimulia mambo ambayo hayakuwamo kwenye slaidi: mteja aliyebadilisha mawazo, nguzo iliyokataa kuhama, fedha zilizokwisha. Maswali mengine yanayozaa majibu mazuri ni maji ya mvua yanakwenda wapi, nani anasafisha madirisha yale ya juu, na watumiaji wamebadilisha nini tangu wahamie.

Yaepuke maswali ya aina ya «una maoni gani kuhusu usanifu wa leo», ambayo hujibiwa kwa hotuba. Liepuke zaidi lile lisilo swali, ambapo muulizaji hushika kipaza sauti na kueleza mradi wake kwa dakika tano huku ukumbi mzima ukimwangalia mwongozaji kwa macho ya kusihi.

Hatua 12: Usiku huo huo, andika nusu ukurasa

Andika kazi moja, jengo moja na jibu moja. Kesho yake asubuhi utakuwa umebakiwa na theluthi tu.

Matatizo ya mara kwa mara na namna ya kuyatatua

*Nafasi za mhadhara zimejaa.* Jiandikishe kwenye orodha ya wanaosubiri na ufike mapema hata hivyo. Pale kuingia kunapokuwa bure, baadhi ya waliojiandikisha hawatokei, na viti vyao mara nyingi hutolewa dakika chache kabla ya kuanza.

*Umechelewa.* Subiri mlangoni mpaka msemaji abadilishe slaidi au watu wacheke, ndipo uingie na ukae kiti cha kwanza kilicho wazi, hata kama si kizuri.

*Istilahi zimekupita.* Andika neno kama ulivyolisikia, uliwekee alama ya kuuliza, uendelee. Ukianza kulitafuta kwenye simu utakosa slaidi tatu, nazo huenda ndizo zilizokuwa zinalieleza.

*Umesimama dakika kumi mbele ya kazi na hujaona kitu.* Hamia nyingine bila kujilaumu. Kazi nyingine hazikufai, na nyingine si nzuri. Kutundikwa ukutani si hati ya ubora. Kabla ya kuondoka, andika sababu moja halisi ya kutoipenda, mathalani kwamba nusu ya chini ni tupu na haisemi kitu na nusu ya juu. Sababu hiyo itakusaidia kuchagua vizuri zaidi safari ijayo.

*Unataka kuzungumza na msanii au msanifu baada ya shughuli.* Ngoja wanafunzi na waandishi wapungue, jitambulishe kwa jina tu, taja kitu kimoja ulichokiona, na uondoke baada ya dakika mbili. Usimwombe namba ya simu. Anuani ya ofisi yake ipo kwenye tovuti yake.

*Unakwenda na mtoto.* Mwache yeye achague kazi tatu, nawe umfuate. Mshike mkono kwenye vyumba vyenye vitu vilivyowekwa sakafuni, na umpe kinywaji nje tu.

*Umegusa kazi, umeiangusha au umeimwagia kitu.* Simama hapo hapo. Usiokote kipande, usifute, usijaribu kukirudisha kitu mahali pake, kwa sababu mhifadhi anahitaji kila chembe pale ilipoangukia. Mwite mlinzi na umweleze kilichotokea kwa ufupi. Mwaka 2015 huko Taipei mvulana wa miaka 12, akiwa na kinywaji mkononi, alijikwaa na kutoboa kwa ngumi picha ya zamani iliyohusishwa na mchoraji Mwitalia Paolo Porpora. Picha ilikuwa na bima, na waandaaji hawakuidai familia yake gharama za kuitengeneza. Mpe mlinzi jina lako na namba yako, na ukae mpaka atakapokuruhusu uende.